Mbamba Bay

Mbamba Bay (huandikwa pia Mbambabay) ni mji mdogo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma, kusini-magharibi mwa Tanzania. Ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Mji uko takriban kwenye latitudo 11°17′ ya kusini na longitudo 34°46′ ya mashariki.

Mbamba Bay ni ncha ya magharibi ya barabara ndefu inayoanzia Mtwara kwenye Bahari ya Hindi, ikipita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga. Kwa miaka mingi mji huu ulihesabiwa kuwa miongoni mwa miji ya Tanzania iliyo migumu kufikika: upande mmja una ziwa lenye mawimbi makali, upande mwingine una milima ya Umatengo, na upande wa kusini kuna mpaka wa Msumbiji. Historia yake kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta njia ya kuingia na kutoka.

## Jina

Neno la pili katika jina la mji ni la Kiingereza na lina maana ya ghuba. Lilibaki kutoka katika ramani za wakati wa ukoloni na halikutafsiriwa baada ya uhuru. Wenyeji wengi hulitamka jina zima kama neno moja, na ndiyo sababu tahajia ya "Mbambabay" ni ya kawaida katika vibao na nyaraka.

Jina la wilaya limetokana na ziwa. Katika lugha kadhaa za eneo hili, neno *nyasa* au *nyanja* lina maana ya maji mengi au ziwa. Kwa hiyo anayesema "Ziwa Nyasa" kwa kweli anasema "Ziwa Ziwa". Nchini Malawi ziwa hilohilo huitwa Ziwa Malawi, na nchini Msumbiji huitwa Niassa.

## Jiografia

### Ghuba na milima

Mji umejengwa kuzunguka ghuba yenye ufuko wa mchanga, inayokingwa na rasi za mawe makubwa. Karibu na pwani kuna visiwa vidogo vya miamba, kikiwemo kisiwa cha Lundo kilichoko upande wa kaskazini. Kinga hiyo ya asili ndiyo iliyofanya mahali hapa pawe bandari, kwa kuwa sehemu nyingi za mwambao ziko wazi kwa upepo.

Nyuma ya mji ardhi hupanda haraka. Uso wa ziwa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu zaidi ya mita 1,300. Tofauti hiyo inapatikana katika umbali wa kilomita 66 tu za barabara. Msafiri anayetoka Mbinga asubuhi akiwa amevaa koti hulivua kabla ya kufika ziwani. Milima yenyewe ni sehemu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambalo sakafu yake ndiyo iliyojaa maji na kuwa Ziwa Nyasa.

### Ziwa

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika baada ya Viktoria na Tanganyika. Lina urefu wa takriban kilomita 560 hadi 580, upana unaofika kilomita 75 na eneo la kilomita za mraba 29,600 hivi. Kina chake kikubwa ni takriban mita 700. Maji ya juu na maji ya chini hayachanganyiki kikamilifu, kwa hiyo chini ya kina cha mita 200 hadi 250 hakuna oksijeni na samaki hawaishi humo. Uvuvi wote hutegemea tabaka la juu pamoja na maji ya kandokando.

Ziwa lina spishi nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Wengi ni wa familia ya sikilidi, na sehemu kubwa yao hawapatikani mahali pengine. Samaki wadogo wenye rangi kali wanaoishi kwenye mawe, wanaoitwa *mbuna*, hufugwa kwa mapambo katika matangi ya vioo huko Ulaya, Marekani na Asia. Aina moja inaweza kuishi kwenye rasi moja tu, na rasi inayofuata, kilomita chache mbele, ikawa na aina nyingine.

Kina cha maji hubadilika kwa majira na kwa miaka. Maji ya ziwa hutoka kwa njia moja tu, yaani Mto Shire nchini Malawi, ambao huyapeleka hadi Zambezi na Bahari ya Hindi. Kati ya miaka 1915 na 1935 ziwa lilipungua kiasi kwamba maji yaliacha kutoka kupitia Shire. Nyakati nyingine, kama mwaka 1980 na tena katika miaka ya 2020, maji yalipanda na kumeza fukwe, mashamba na nyumba zilizojengwa karibu na ukingo. Kwa sababu hiyo wazee wa mwambao huwaonya vijana wasijenge kwenye mchanga uliokauka, hata kama umekuwa mkavu kwa miaka kumi.

### Mito

Mto Ruhekei huteremka kutoka Umatengo na kuingia ziwani karibu na Mbamba Bay. Upande wa kaskazini wa wilaya kuna Mto Ruhuhu, ambao ni mkubwa zaidi kati ya mito ya Tanzania inayoingia Ziwa Nyasa. Ruhuhu pia ni mpaka kati ya Mkoa wa Ruvuma na Mkoa wa Njombe.

Mto Ruvuma, ulioupa mkoa jina lake, hauingii katika ziwa hili ingawa unaanza si mbali nalo. Chanzo chake kiko katika milima ya Matogoro karibu na Songea. Hivyo mvua inayonyesha upande mmoja wa vilima hufika baharini kupitia Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, na inayonyesha upande wa pili hufika bahari hiyohiyo kwa kuzunguka kupitia ziwa, Shire na Zambezi.

### Hali ya hewa

Kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwezi Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mwambao una joto karibu mwaka mzima, wakati nyanda za juu za Mbinga huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai.

Upepo wa kusini-mashariki, unaojulikana kuzunguka ziwa zima kwa jina la *mwera*, huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti. Unaweza kuendelea kwa siku kadhaa na kuinua mawimbi yanayozuia mitumbwi kutoka. Mvuvi wa ziwa hili hutazama anga kwanza kabla ya kutazama nyavu.

Katika miezi fulani huonekana mawingu meusi yanayoinuka juu ya maji kama moshi. Ni wadudu wadogo waitwao *nkungu*, wanaotoka ziwani kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta nchi kavu, watu huwakusanya, huwaponda na kuwatengeneza mikate yenye protini nyingi.

## Wakazi na lugha

Wakazi wa mwambao ni hasa Wanyasa, Wampoto na Wamanda. Kinyasa kina undugu wa karibu na Kinyanja kinachosemwa Malawi na Msumbiji, na familia nyingi zina ndugu ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka wa kusini. Wamatengo wanaishi milimani kuzunguka Mbinga, na Wangoni upande wa Songea. Kiswahili ndiyo lugha ya shule, ofisi na soko.

Katika sensa ya mwaka 2002, kabla ya kugawanywa, Wilaya ya Mbinga ilikuwa na wakazi 404,799. Katika sensa ya mwaka 2012 eneo hilohilo lilihesabiwa kama wilaya mbili: Mbinga ikiwa na watu 353,683 na Nyasa 146,160. Hii inaonyesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya watu wanaishi juu, kwenye hewa baridi na ardhi ya kahawa, na chini ya theluthi moja wanaishi ziwani na kwenye miteremko yake.

## Historia

### Kabla ya ukoloni

Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliofika kutoka kusini mwa Afrika walijenga dola zao katika eneo la Songea. Mashambulizi yao yalibadilisha makazi ya watu wengi. Wamatengo walijikusanya kwenye milima mikali ambako ilikuwa rahisi kujihami, na baadhi ya watu wa mwambao waliishi kwenye miamba na visiwa. Wakati huohuo misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilivuka kutoka maeneo ya ziwa kuelekea Kilwa. Ziwa, ambalo leo linatajwa kama mpaka, lilikuwa njia kuu.

David Livingstone alifika kwenye ziwa mwaka 1859, na maandishi yake yaliwavuta wamisionari wa Kiingereza. Mwaka 1885 shirika la UMCA la Kianglikana lilifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yake. Kutoka hapo lilihudumia vijiji vya mwambao wa mashariki kwa meli. Mmoja wa wamisionari hao, William Percival Johnson, alizunguka vijiji vya ziwa kwa miongo mingi, akatafsiri Biblia kwa Kinyanja, na alifariki mwaka 1928. Kaburi lake liko Liuli na hutembelewa na mahujaji. Kwa sababu ya kazi hiyo Waanglikana ni wengi mwambaoni hadi leo.

Milimani mambo yalikuwa tofauti. Wabenedikto wa Kikatoliki waliofika Peramiho mwaka 1898 walifungua misheni Kigonsera mwaka uliofuata, kisha Litembo na kwingineko. Jimbo Katoliki la Mbinga liliundwa mwaka 1986 kwa kugawa Jimbo la Songea. Kwa ujumla, barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hutoka katika nchi ya Wakatoliki na kuingia katika nchi yenye Waanglikana wengi, ingawa madhehebu yote mawili yako pande zote.

### Vita Kuu ya Kwanza ziwani

Wajerumani, waliotawala Tanganyika, waliita bandari ya Liuli *Sphinxhafen*, kutokana na mwamba mkubwa wa Pomonda unaofanana na sanamu ya Sfinksi ya Misri. Hapo ndipo walipokuwa na gati la kutengenezea meli yao *Hermann von Wissmann*.

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza *Gwendolen* ilitokea upande wa Nyasaland chini ya nahodha Rhoades na kuifyatulia mizinga *Wissmann*, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani, Berndt, aliyekuwa akifahamiana vema na Rhoades, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Alipanda mashua na kumfuata mwenzake akiwa amekasirika kumwuliza kulikoni, akachukuliwa mateka. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama ushindi wa kwanza wa Waingereza majini katika vita hivyo. Mwaka 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi meli hiyo. Baadaye waliifufua na kuitumia kwa jina jipya.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini kinaeleza jambo la msingi kuhusu mwambao huu: habari zilichelewa kufika hata wakati wa vita. Waliokuwa upande wa pili wa maji walijua kabla ya waliokuwa upande wa bara.

### Utawala wa Waingereza na baada ya uhuru

Wakati wa Waingereza eneo lote liliendeshwa kutoka Songea. Kahawa ya arabika ilienea Umatengo, na mwaka 1936 kulianzishwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo. Mwambao haukupata zao la biashara la namna hiyo. Vijana wengi walikwenda kutafuta kazi mbali: kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, au kwenye migodi ya Rhodesia na Afrika Kusini kwa kupitia ng'ambo ya ziwa.

Baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Mkoa wa Ruvuma. Upande wa pili, Wareno waliweka kituo cha jeshi la majini Metangula, kwenye mwambao huohuo wa ziwa, na doria zao ziliwatia wavuvi hofu. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na biashara ndogondogo ya mpakani, hasa kupitia kijiji cha Chiwindi, ikarudi polepole.

## Swali la mpaka

Tanzania na Malawi hazijakubaliana mpaka uko wapi ziwani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulitaja mpaka kuwa ukingo wa ziwa upande wa mashariki. Malawi hushikilia mkataba huo, pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Tanzania husema mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo kawaida katika maziwa yanayogawanywa na nchi mbili. Msimamo huo ilianza kuueleza rasmi mwaka 1967.

Suala hilo lilichacha tena mwaka 2011 na 2012, Malawi ilipotoa vibali vya kutafuta mafuta na gesi ziwani. Usuluhishi ulikabidhiwa jopo la marais wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji.

Kwa wakazi wa Mbamba Bay, tafsiri ya kwanza ingemaanisha kwamba mtu akiingiza miguu majini kuchota ndoo ya maji amevuka kwenda nchi nyingine. Katika maisha ya kila siku haijawahi kuwa hivyo. Wavuvi wa pande zote hukutana kwenye maji mamoja, huuziana samaki na huokoana wakati wa dhoruba. Hata hivyo, kila mjadala unapopamba moto katika magazeti, wao ndio wa kwanza kuuliza kama kesho watavua kwa amani.

## Uchumi

### Uvuvi

Dagaa wa Nyasa, wanaoitwa *usipa* kuzunguka ziwa, ndio samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi. Huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta kwa mwanga. Taa za karabai zilizotumia mafuta ya taa kwa miongo mingi zimebadilishwa kwa kiasi kikubwa na taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauna nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Asubuhi dagaa huanikwa kwenye mchanga au kwenye vichanja, kazi inayofanywa hasa na wanawake. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja huuzwa kwa bei nzuri zaidi kwa kuwa hawana mchanga.

Samaki wengine wanaothaminiwa ni magege, kambale na mbasa. Mbasa hukua ziwani lakini hupanda mito, hasa Ruhuhu, ili kutaga mayai wakati wa mvua. Tabia hiyo inamfanya awe rahisi kutegwa mdomoni mwa mto kabla hajazaa. Kokoro, wavu unaoburutwa ufukoni na kukusanya hata samaki wachanga, limepigwa marufuku kwa sababu kama hiyo. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali vya wavuvi wenyewe husaidia kutekeleza sheria, kazi ambayo si rahisi pale anayekamatwa ni jirani au shemeji.

### Kilimo

Chakula kikuu cha mwambao ni ugali wa muhogo kwa samaki. Muhogo hustahimili udongo wa kichanga na mvua isiyotabirika. Mpunga hulimwa kwenye mabonde ya mito, hasa karibu na Lituhi na Mbamba Bay. Maembe ni mengi, na kwa msimu mzima huwa chakula cha watoto njiani kutoka shuleni.

Nyanda za juu zina kilimo cha namna nyingine kabisa. Wamatengo wanajulikana na wataalamu wa udongo duniani kwa *ngoro*, mashimo yanayolimwa kwenye miteremko mikali. Mwishoni mwa mvua nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kama madirisha. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanawake. Maharage hupandwa kwenye matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mashimo hushika maji na udongo unaoteremka, na nyasi zilizofunikwa huoza na kuwa mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walichunguza mfumo huu na kuonyesha kwamba unazuia mmomonyoko vizuri kuliko matuta ya kawaida.

### Mlima na ziwa

Uchumi wa Mbamba Bay hauwezi kutenganishwa na wa Mbinga. Dagaa na muhogo hupanda mlima. Maharage, mahindi, viazi na mbao huteremka. Miaka ya kahawa nzuri, fedha za milimani hufika hadi kwa muuza samaki. Ushirika wa Mbinga ulipoanguka katika miaka ya 1990, baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi, wakulima walipoteza mahali pa kukopea mbolea na dawa, na soko la samaki nalo likapungua. Kahawa ya Mbinga imebaki kuwa moja ya kahawa za arabika zinazosifiwa nchini, na kituo cha utafiti cha Ugano huzalisha miche inayostahimili magonjwa.

Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe huchimbwa Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga. Malori yake yamekuwa sehemu ya mandhari ya barabara ya Songea, na bandari ya Ndumbi, kaskazini mwa Mbamba Bay, ilijengwa kwa kuzingatia mzigo huo.

## Usafiri

Kabla ya lami, safari ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilikuwa mtihani wakati wa masika. Magari ya mizigo yalikwama kwenye miteremko, abiria wakashuka kusukuma, na mgonjwa aliyepewa rufaa aliweza kulala njiani. Barabara kati ya Songea na Mbinga iliwekwa lami katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010 kwa msaada wa Marekani. Sehemu ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Safari iliyoweza kuchukua siku nzima sasa huchukua muda usiozidi saa mbili hivi.

Kwa njia ya maji, Mbamba Bay ni kituo cha mwisho cha meli zinazotoka Itungi na Kiwira wilayani Kyela. Meli ya abiria *Mbeya II*, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi mwaka 2021. Meli za mizigo *Njombe* na *Ruvuma* zina uwezo wa tani 1,000 kila moja. Kwa vijiji vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, upande wa Ludewa, meli ni njia kuu ya kufika hospitali au sokoni, kwa kuwa mlima huingia moja kwa moja majini na kuacha nafasi ndogo ya barabara.

Nkhata Bay nchini Malawi iko umbali wa takriban kilomita 60 ng'ambo ya ziwa. Serikali za Tanzania, Malawi na Msumbiji zimepanga kwa muda mrefu kuifanya njia hiyo sehemu ya Ushoroba wa Mtwara, ili mizigo ya Malawi ipite Mbamba Bay kwenda bandari ya Mtwara. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ulianza katika miaka ya 2020. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, umekuwepo kwa miaka mingi lakini reli haijajengwa.

## Elimu, afya na umeme

Misheni zilitangulia katika elimu na tiba. Hospitali ya Mtakatifu Anna iliyoko Liuli, ya Kanisa Anglikana, imewahudumia watu wa mwambao tangu zama za UMCA, na hospitali ya Litembo, ya Jimbo Katoliki la Mbinga, imewahudumia watu wa milimani. Benjamin Mkapa, rais wa tatu wa Tanzania, alisoma kwa muda katika seminari ya Kigonsera akiwa kijana.

Magonjwa yanayosumbua zaidi mwambaoni ni malaria na kichocho. Kichocho huenezwa na konokono wa maji ya kina kifupi, mahali palepale ambapo watoto huogelea na akina mama hufua. Mamba na viboko pia huleta madhara, hasa karibu na midomo ya mito.

Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya msongo mkubwa kutoka Makambako, na baada ya hapo ukasambazwa kuelekea Mbinga na Nyasa. Kabla yake miji hii ilitegemea majenereta ya dizeli, na mafuta yalipochelewa njiani mji mzima ulilala gizani.

## Utamaduni

Ngoma zinazotambulisha mwambao ni *mganda* ya wanaume na *kioda* ya wanawake. Mganda huchezwa kwa mistari iliyonyooka, sare safi na hatua za gwaride. Ilizaliwa kutokana na waliorudi kutoka jeshi la wakoloni baada ya vita, wakageuza amri za bwana kuwa mchezo wa kijiji. Vikundi hualikana, na kijiji mwenyeji hupika kwa ajili ya wageni wote. Milimani ngoma mashuhuri ni *lindeku* ya Wamatengo, na kwa Wangoni ni *lizombe*.

Kapteni John Komba (1954–2015), mwimbaji na kiongozi wa kikundi cha Tanzania One Theatre, alikuwa mtoto wa mwambao huu. Alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi, jimbo ambalo baadaye lilikuwa Jimbo la Nyasa, na alizikwa Lituhi.

## Hali ya sasa

Kuwa makao makuu ya wilaya, kupata lami na kupata umeme kumeibadili Mbamba Bay katika muda wa miaka kumi na mitano kuliko ilivyobadilika katika miaka hamsini iliyotangulia. Ofisi, nyumba za wageni na benki zimesogea karibu na ufuko. Viwanja ambavyo zamani vilipatikana kwa mazungumzo na mzee wa ukoo sasa hupimwa na kuuzwa.

Mabadiliko hayo yana faida na gharama zake. Dagaa hufika Songea wakiwa wazuri siku hiyohiyo na mgonjwa hufika hospitali akiwa hai. Lakini barabara ileile inaleta wanunuzi wanaochukua samaki wote alfajiri, hadi bei ya kitoweo inapanda kwa mkazi wa ufukweni mwenyewe. Misitu ya miteremko inakatwa kwa mkaa na mashamba, na udongo unaoshuka na mvua huchafua mazalia ya samaki kwenye mawe na midomo ya mito. Mustakabali wa mji unategemea mambo matatu yanayofungamana: bandari itakayokuwa na mzigo wa kutosha, makubaliano ya amani kuhusu maji, na ziwa litakaloendelea kuwa na samaki.